ULIZA FUNDI: Makombora yanakaa wapi ndani ya kifaru?

SWALI: Salaam aleikum, Fundi. Mwaka 2009 nilikuwa kibarua bandarini Mombasa vifaru vya T-72 viliposhushwa kutoka meli ya Faina, ile iliyotekwa na maharamia wa Kisomali. Juzi mwanangu kanionyesha video ya kifaru kama hicho vitani Ukraine: kinapigwa, mara kichwa chote kinaruka hewani. Chuma kizito vile kinarukaje? Na vifaru vya Wazungu je, navyo viko hivyo?
*Msomaji wa Changamwe, Mombasa*

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Meli ile naikumbuka. Ilitekwa Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33, ikaachiwa Februari 2009 ndipo ikafika Kilindini. Kila mtu aliongelea ule mzinga wa milimita 125. Mimi nikitazama kifaru sianzii kwenye mzinga. Nauliza kwanza watu wamekaa wapi na makombora yamewekwa wapi, maana hapo ndipo unapomjua aliyekibuni, kwamba aliwafikiria kiasi gani watakaopanda humo.

T-72 ni kazi ya Wasovieti, kiliingia jeshini mwaka 1973. Walitaka kifaru kifupi kisichoonekana kwa urahisi, chepesi, na cha kutengenezwa kwa wingi. Wakamwondoa mpakiaji, yule askari wa kutia kombora kwenye mzinga, wakaweka mashine mahali pake. Wakabaki watatu: dereva mbele, mpiga mzinga upande wa kushoto wa kichwa, yaani ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga wake, kamanda upande wa kulia. Kimo kikashuka hadi mita 2.2 hivi, na vile vya mwanzo vilikuwa na uzito wa tani 41 na kidogo. Leopard 2 ya Ujerumani, yenye watu wanne, ilianza na tani 55.

Sasa inama utazame chini ya miguu ya wale wawili wa kichwani. Sakafuni pana sinia kubwa la duara, limepangwa makombora 22. Kila moja lina vipande viwili: kombora lenyewe, na mkebe wa baruti ambao hata ganda lake huungua. Mpiga mzinga anachagua aina anayoitaka, anabonyeza kitufe. Sinia linazunguka mpaka aina hiyo ifike, mnyanyuo unapandisha kombora, mkono wa mashine unalisukuma ndani ya mzinga, kisha baruti inafuata. Ni sekunde saba, nane hivi, na mashine haichoki kama mtu anavyochoka. Kwa ufundi wake naiheshimu. Ila 22 hayatoshi vitani, kwa hiyo mengine yanapachikwa humo humo: ukutani, nyuma ya viti, hata kwenye matundu yaliyoachwa katika matangi ya mafuta.

Deraya, yaani ule ukuta wa chuma unaokinga kifaru, ikitobolewa, vipande vya chuma chenye moto vikaigusa ile mikebe, baruti inawaka kwa mkupuo na gesi inatafuta pa kutokea. Kichwa kimekaa juu ya mduara wa gololi ili kiweze kuzunguka. Hapo ndipo panapoachia, na tani zaidi ya kumi zinaruka. Wale watu wawili walikuwa wamekaa juu ya baruti hiyo. Jambo hili halikuanza Ukraine; T-72 za Iraki zilionekana zikiisha hivyo hivyo mwaka 1991. Kilichozidi siku hizi ni droni, ambazo hushukia paani, na paa la kifaru chochote deraya yake ni nyembamba kuliko ya mbele.

Ukija kwenye Abrams ya Marekani, makombora karibu yote yako kwenye sanduku nyuma ya kichwa, nje ya chumba cha watu, na katikati pana mlango mzito wa chuma. Mpakiaji anagusa swichi kwa goti, mlango unafunguka, anachomoa kombora moja, akiondoa goti mlango unajifunga. Juu ya sanduku hilo kuna mabamba ambayo yamefungwa yawe dhaifu kwa makusudi. Makombora yakilipuka, mabamba yanang'oka na moto unapanda juu, huku watu wako upande wa pili wa mlango. Kifaru kinaharibika lakini watu wanapata nafasi ya kutoka wakiwa hai. Kwangu mimi hicho ndicho kitu bora kuliko vyote katika gari lile, kuliko hata injini yake ya aina inayotumika kwenye helikopta.

Lakini usichukulie kwamba kila cha Wazungu kimesalimika. Leopard 2 imehifadhi makombora 15 kwa namna hiyo ya nyuma ya kichwa. 27 yaliyobaki yako mbele, ubavuni mwa dereva, bila mabamba ya kutolea moto. Desemba 2016, karibu na mji wa al-Bab huko Syria, Uturuki ilipoteza Leopard 2A4 kadhaa, na picha zilionyesha kimojawapo kichwa kimetengana na mwili. Mtambo ni wa Kijerumani, baruti ni ile ile.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Kifaru kina tani zaidi ya 40, mbona hakizami kwenye matope wakati lori la babu linakwama?
*Msomaji wa Bukoba*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Chukua kalamu. Mnyororo wa T-72 una upana wa sentimita 58, na sehemu inayogusa ardhi ina urefu wa sentimita 430 hivi. Zidisha, kisha mara mbili kwa sababu minyororo ni miwili: karibu sentimita za mraba 50,000. Gawa kilo 44,000 kwa hizo. Unapata chini ya kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Tairi la gari dogo tu linakandamiza kama kilo mbili, na la lori zaidi ya hapo.

Matope yanajali mgandamizo, ila daraja linabeba uzito wote. Wazee wa kwenu watakusimulia: Novemba 1978 majeshi ya Amin yalipovunja daraja la Kyaka, zana nzito za Tanzania hazikuwa na njia ya kuvuka Mto Kagera mpaka wanajeshi wahandisi walipoweka daraja la muda. Na vifaru vya wakati ule, Type 59 za Kichina, vilikuwa na tani 36 tu. Leopard 2A6 ina zaidi ya 60. Hesabu mwenyewe ni madaraja mangapi ya mkoani kwako yangeibeba.

SWALI: Fundi, mimi ni dereva wa malori, asili yangu Unguja. Jeshi la Oman lina vifaru vya Challenger 2 vya Waingereza. Kwa joto na vumbi la huku, injini zake zinavumiliaje?
*Msomaji wa Muscat*

JIBU: Umeuliza swali la watu wa kazi. Challenger 2 ina dizeli ya silinda 12, lita 26, nguvu farasi 1,200, na injini ya ukubwa huo inavuta hewa nyingi mno. Tena vumbi inalivuta la kwake yenyewe, lile linalotimuliwa na minyororo. Mchanga ukipita kwenye chujio, silinda zinalika.

Oman ilinunua 38, na hivyo viliandaliwa kwa jangwa tangu kiwandani, upozaji na uchujaji wa hewa. Waingereza wenyewe walikuja huko mwaka 2001 kwa mazoezi ya Saif Sareea na vifaru vyao vya Ulaya bila kuviandaa. Machujio mengine yaliziba baada ya kutumika kwa muda wa saa nne tu. Kifaru ni kile kile, mchanga ni ule ule, tofauti ni chujio. Kabla ya kuingia Iraki mwaka 2003 walibadilisha machujio na kuongeza mapazia ya kuzuia vumbi kando ya minyororo.