Barua kwa mwanangu: nenda kwa daktari kabla vipele havijakauka

Mwanangu mpenzi,

Unasema tangu juzi umetokwa na vipele vya maji huko chini, ukikojoa panawaka moto, mitoki imevimba, na mtandaoni wamekuambia ni hepesi, ule ugonjwa wa zinaa unaoletwa na virusi. Unauliza kama ukapime damu sasa au usubiri. Na unauliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama mchumba wako ametoka nje.

La kwanza ndilo lenye haraka. Damu ya kupima hepesi iache kwanza, nenda kwa daktari leo, vipele vikiwa bado vibichi. Jibu la kuaminika linatoka kwenye kidonda chenyewe: wanapangusa kwa kijiti cha pamba, kisha maabara inatafuta virusi kwa kipimo cha PCR. Vikishakauka na kuota magamba, kijiti kinaweza kutoka kapa na virusi vipo. Damu inaonyesha kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya virusi, nazo huchukua wiki kadhaa kujitokeza, kwa wengine hata 12 na zaidi. Ukipima leo ukaambiwa huna, bado hujaambiwa kitu. Wakitaka kukupima IgM, aina mojawapo ya kingamwili, hiyo hela kanunulie sukari.

Mimi ni muuguzi, lakini siwezi kukuambia ni nini nikiwa huku Muheza na wewe uko Mwanza. Hepesi huja kwa kundi, vipele vidogo kama punje za ulezi, vina maji maangavu, vinapasuka na kuacha vidonda vinavyochoma. Kipele chenye usaha penye shina la unywele, mara nyingi ni wembe tu. Kidonda kimoja kigumu kisichouma ndicho kingenitia hofu zaidi, maana kaswende huja hivyo, na watu hukipuuza kwa kuwa hakiumi.

Zahanati nyingi hazina PCR. Wanatibu kwa kuangalia dalili: sindano ya penisilini kwa ajili ya kaswende (inauma hiyo, kaa mkao wa kuvumilia) pamoja na vidonge vya asiklovia kwa ajili ya hepesi, kwa kawaida miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku 7 hadi 10. Si kwamba wanabahatisha, ndio utaratibu. Ila usijinunulie dawa mwenyewe dukani ukamkwepa daktari. Wakikuambia upime na VVU na kaswende, kubali. Vidonda hivi vinafungua mlango kwa VVU.

Sasa huyo kijana. Usimhukumu kwa vipele. Virusi hivi vinajificha kwenye mishipa ya fahamu na vinaweza kukaa kimya miaka, na wengi walionavyo hawajui kabisa. Kuna aina ya kwanza, ile ya vidonda vya mdomoni, ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanayo; nayo hufika huko chini kwa ngono ya mdomo. Huenda alikuwa navyo kabla hajakujua, huenda ni wewe. Kipimo hakiandiki tarehe wala jina la mtu. Kama una sababu nyingine za kumshuku, muulize hizo. Lakini mwambie unaumwa, na msikutane kimwili mpaka upone. Kondomu inapunguza hatari, haiimalizi.

Ikithibitika ni hepesi, haitoki mwilini, ila kwa kawaida inaporudi huwa nyepesi kuliko mara ya kwanza, na dawa ipo. Ukija kubeba mimba, mwambie mkunga mapema, kwa ajili ya mtoto wakati wa kujifungua.

Kwa leo, ukienda haja ndogo jimwagie maji ya uvuguvugu huku unakojoa, mwako unapungua. Vaa chupi ya pamba, isibane. Usipake dawa ya meno. Najua kuna shoga atakushauri.

Ukitoka kwa daktari nipigie. Kama mwandiko wake hausomeki, piga picha hiyo karatasi unitumie kabla hujanunua kitu.

Mama yako