Kigoma mpaka Dar kwa ndege: usipange safari kwa kilomita

Ndugu zangu wa Kigoma, hili naomba mlijue kabla hamjakata tiketi, maana mimi limeniumiza. Mwaka jana nilikuwa nampeleka mama mdogo Dar, ana apointimenti ya daktari saa nane mchana, nikaingia mtandaoni nikaona uwanja wetu mpaka uwanja wa Nyerere ni kama kilomita 1,080, nikapiga hesabu, hizi Dash 8 za pangaboi zinakwenda kilomita mia sita na kitu kwa saa, basi ndani ya saa mbili tumefika, nikakata ya asubuhi nikalala usingizi.

Kumbe ndege inapitia Tabora.

Sasa ukiangalia ramani utashangaa, Tabora iko karibu kabisa kwenye mstari uleule. Kigoma mpaka Tabora ni kama kilomita 350, Tabora mpaka Dar kama 730, jumlisha uone, hakuna kilichoongezeka cha maana. Kilichoongezeka ni muda. Ndege inapunguza mwendo, inashuka, watu wanatoka na mabegi yao, wengine wanapanda, milango inafungwa, mnaanza upya kupanda juu, na zile kilomita za mtandaoni hazikwambii hayo yote. Siku ile tukakaa pale Tabora muda mrefu kuliko kawaida, tukafika Dar, tukasubiri mabegi, halafu tukakutana na foleni ya Barabara ya Nyerere. Uwanjani mpaka Posta ni kilomita 12 hivi tu lakini kwenye teksi mama wa watu alikuwa anaangalia saa mpaka nikaona aibu. Daktari tukakuta kashaondoka.

Kwahiyo ukikata tiketi usiangalie saa ya kuondoka peke yake, angalia saa ya kufika, na muulize wakala waziwazi, hii inakwenda moja kwa moja au inapitia Tabora? Kwenye tiketi viwanja vinaandikwa kwa kifupi, ukiona TBO (Tabora) katikati ya TKQ (Kigoma) na DAR ndo hiyo. Na tiketi inaandika 13:40, hiyo ni saa saba na dakika arobaini mchana, nimeona mzee kabisa kachanganya akaachwa.

Mimi siku hizi kutoka mlangoni kwangu Mwanga hapa Kigoma mpaka mlango wa ninakokwenda Dar nahesabu saa sita na zaidi, humo kuna kuwahi uwanjani, kupima mizigo (dagaa wafunge vizuri jamani, harufu inasumbua wenzako), ndege yenyewe na foleni. Bado ni nafuu mno ukilinganisha na treni ya reli ya kati, ile ni kama siku mbili na mgonjwa hawezi.

Mama mdogo akiwa na kliniki sasa tunashuka Dar jana yake, tunalala Buguruni kwa binamu yangu, asubuhi anaamka, anakunywa chai yake taratibu ndo tunatoka.