Frateri Aliyegeuka Bubu Roma

Swali lenu la wiki lilitutaka sisi tuliosoma nje ya nchi tutaje jambo moja la maisha ya huko ambalo watu wa nyumbani hawakuwahi kuliamini. Mimi nilikuwa frateri, yaani mwanafunzi wa upadre, Roma kwa miaka 3 ya teolojia, baada ya kumaliza falsafa katika seminari ya Kibosho, na jibu langu ni kwamba kilichonielemea huko hakikuwa baridi wala wingi wa vitabu, bali kule kugeuka bubu nikiwa mtu mzima.

Nyumbani kwetu likitajwa jina la Roma, watu humwona Papa dirishani. Ni kweli kwamba Chuo cha Urbano, kilichoanzishwa na Papa Urbano VIII mwaka 1627 kwa ajili ya vijana wa nchi za misioni, kipo kwenye kilima cha Gianicolo, na kuba la Basilika la Mtakatifu Petro linaonekana karibu sana. Lakini ratiba yenyewe haiwezi kumshangaza frateri yeyote wa seminari zetu za Segerea au Kipalapala: kengele, tafakari, Masifu ya Asubuhi, Misa, darasani, usafi, kujisomea, Masifu ya Jioni, kisha kimya. Kigeni kilikuwa ule mzinga unaopigwa kilimani hapo kila siku saa sita kamili mchana. Siku za mwanzo sisi wageni tulishtuka vitini, ilhali waliotutangulia hawakuinua hata macho.

Nilikuwa nimeingia darasani na Kiitaliano cha miezi mitatu. Siku moja nilimnong'oneza jirani yangu aniazime kalamu, ambayo kwa lugha yao ni «penna», lakini kwa kuwa ulimi uliokulia Kiswahili haujazoea kukaza n mbili, nilichotamka ni «pena», yaani adhabu. Alinitazama kwa huruma, akanipa kalamu. Hilo lilikuwa la kuchekesha. Lililouma lilikuwa la mezani. Mimi niliyekuwa nikiongoza sala na kusoma matangazo parokiani bila karatasi, nilikaa nikisikiliza utani wa wenzangu, na kila mara walipomaliza kucheka ndipo nami nilipomaliza kutafsiri. Rafiki yangu wa kwanza alikuwa frateri kutoka Vietnam, na sina haya kukiri kwamba tulichaguana kwa sababu Kiitaliano chetu kilikuwa kibovu kwa kipimo kilekile.

Kisha kukawa na mitihani ya mdomo. Huko mwanafunzi anaketi uso kwa uso na mwalimu kwa dakika kama 10, wala hakuna karatasi ya kujifichia. Niliulizwa fundisho la Mtaguso wa Kalsedonia, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, jambo ambalo nililijua tangu nyumbani: Kristo ni Nafsi moja yenye asili mbili. Maneno yakanipotea yote. Mwalimu, mzee mpole, alisubiri kidogo, kisha akaniambia nijibu kwa lugha ya mama yangu. Nikajibu kwa Kiswahili, kwa ufasaha wote niliokuwa nao, naye akatikisa kichwa kana kwamba anaelewa. Nilipomaliza akasema: sasa sema hayohayo polepole, neno kwa neno, kwa lugha yangu. Nilifaulu, ingawa si kwa alama za kujivunia.

Kuhusu chakula nitasema machache, maana ndicho kila mtu hukiulizia. Tambi huzoeleka. Sisi Watanzania tulipopata ruhusa ya kutumia jiko siku za sikukuu tulisonga ugali kwa unga wa polenta, ambao ni wa mahindi ya njano, na baba yangu nilipomsimulia kwa simu alicheka sana, akasema kumbe nimepelekwa Ulaya kula yanga, unga uleule wa msaada aliokula yeye wakati wa njaa.

Nilirudi jimboni na kupewa ushemasi. Baada ya mahubiri yangu ya kwanza, bibi mmoja ambaye amenijua tangu nikiwa mtumishi wa altare alinishika mkono mlangoni mwa kanisa. «Baba Shemasi,» akasema, «zamani ulikuwa unasema mbiombio kama cherehani. Leo hata mimi nisiyesikia vizuri nimekusikia.»