Kwa nini diff inasema mistari yote 412 imebadilika?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni karani wa chama cha akiba na mikopo. Orodha ya wanachama ya Januari niliitoa kwenye seva yetu ya Linux. Ya Februari mhasibu aliiandaa kwa Excel kwenye kompyuta ya Windows, akanitumia. Nilitaka kujua nani kaingia na nani katoka, nikaandika amri ya kulinganisha mafaili mawili: diff januari.csv februari.csv. Ikatoka kwanza 1,412c1,415, kisha majina yote ya Januari, halafu majina yote ya Februari. Kwa macho naona karibu yote ni yale yale. Je, programu imeharibika?

JIBU: Programu ni nzima, na ule mstari wa kwanza ulioninakilia umenipa karibu jibu lote. Katika diff herufi a ni mistari iliyoongezwa, d ni iliyofutwa, na c ni iliyobadilika. Kwa hiyo 1,412c1,415 inasema: toa mstari wa 1 hadi wa 412 wa faili la kwanza, weka mahali pake mstari wa 1 hadi wa 415 wa faili la pili. Yaani haikuona hata mstari mmoja unaofanana. Wanachama hawawezi kubadilika wote kwa mwezi mmoja. Kilichobadilika ni kitu kilichomo katika kila mstari, ila jicho halikioni.

Kitu hicho, karibu hakika, ni mwisho wa mstari. Waliotumia taipureta wanakumbuka kwamba kila ulipomaliza mstari ulifanya mambo mawili: ulirudi mwanzo upande wa kushoto, na ulisogeza karatasi ipande. Windows mpaka leo inaandika alama zote mbili, namba 13 (kurudi mwanzo) na namba 10 (kusogeza mstari). Linux inaandika 10 peke yake. Hakikisha kwa amri hii, inayoonyesha mistari mitatu ya kwanza pamoja na alama zisizoonekana:

head -3 februari.csv | cat -A

Mstari wa Linux huishia na $, wa Windows huishia na ^M$. Ukiona pia M-oM-;M-? mwanzoni kabisa mwa faili, hizo ni baiti tatu ambazo Excel huziweka mtu anapochagua kuhifadhi kama CSV UTF-8 (CSV ni faili la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma; UTF-8 ni namna ya kuandika herufi). Nazo zitaufanya mstari wa kwanza uonekane tofauti. Mwombe mhasibu ahifadhi kama CSV ya kawaida.

Kuondoa tatizo la mwisho wa mstari bila kugusa faili lenyewe:

diff --strip-trailing-cr januari.csv februari.csv

Wengi watakushauri utumie -w, inayopuuza nafasi zote. Kweli malalamiko yatakoma, lakini kwa orodha ya watu na fedha zao mimi siikubali. Ukiwa na -w, namba "45 12" na "4512" ni kitu kimoja, na kosa la mwandikaji ndilo hasa unalotakiwa kulikamata.

Huenda hata baada ya hapo ukaona fujo, na hapa ndipo penye uzito. Douglas McIlroy wa maabara ya Bell Labs, Marekani, aliiandika diff mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya mfumo wa kompyuta wa Unix. Inatafuta mfuatano mrefu kuliko wote wa mistari iliyomo katika mafaili yote mawili kwa mpangilio ule ule. Kwa maandishi ya programu hilo ndilo linalotakiwa, maana huko mpangilio ni kila kitu. Kwenye orodha yako mpangilio hauna maana. Mhasibu akipanga kwa majina na seva ikapanga kwa namba za uanachama, diff itamwonyesha mtu yule yule amefutwa hapa na kuongezwa pale.

Swali lako la nani kaingia na nani katoka ni kazi ya amri nyingine, comm, inayotenga mistari iliyomo katika faili moja tu na iliyomo katika yote mawili. Nachukulia kwamba namba ya uanachama iko safu ya kwanza:

cut -d, -f1 januari.csv | tr -d '\r' | LC_ALL=C sort > jan.txt
cut -d, -f1 februari.csv | tr -d '\r' | LC_ALL=C sort > feb.txt
LC_ALL=C comm -13 jan.txt feb.txt
LC_ALL=C comm -23 jan.txt feb.txt

Amri mbili za kwanza zinachukua safu hiyo peke yake, zinaondoa ile alama namba 13 na kupanga namba. Ya tatu inatoa walioingia, ya nne waliotoka. LC_ALL=C, inayolazimisha kanuni moja ya upangaji, isiachwe: comm inataka mafaili yote mawili yawe yamepangwa kwa kanuni moja, la sivyo majibu yake hayaaminiki. Na tafadhali, matokeo yaende kwenye faili jipya siku zote. Ukiandika sort jan.txt > jan.txt, alama ya > hulifuta faili kabla sort haijaanza kulisoma. Niliwahi kupoteza orodha ya mahudhurio ya mwaka mzima kwa njia hiyo, na nakala nyingine haikuwepo.

Kisha fanya hesabu ya kuthibitisha. Mistari ilikuwa 412, sasa ni 415. Walioingia ukitoa waliotoka lazima ibaki 3.

Hesabu ikikubali lakini comm ikadai karibu wote wametoka na wengine wapya kabisa wameingia, tazama sifuri za mwanzo. Excel ikifungua faili la CSV huichukulia 0045 kuwa tarakimu, ikaihifadhi kama 45, na hapo kila namba inayoanza na sifuri imeharibika. Dawa iko kwa mhasibu: aliingize faili upya na safu hiyo aitaje kuwa maandishi kabla hajahifadhi chochote. Usijaribu kuzirudisha sifuri wewe mwenyewe kwa kukisia, kwa sababu 45 inaweza kuwa ilikuwa 045 au 0045, na nyuma ya kila namba kuna akiba ya mtu.