Anavuruga kipindi cha Hisabati: je, kumtoa nje kunasaidia?

SWALI: Ninafundisha Darasa la Tatu katika shule ya msingi wilayani Temeke. Kuna mvulana ambaye kipindi cha Hisabati kikianza tu, hugonga dawati na kuwachokoza wenzake. Mimi humtoa nje, lakini hali inazidi. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, umetaja jambo la msingi: fujo hizi hutokea kipindi cha Hisabati, si siku nzima. Tabia inayojirudia huwa inampatia mtoto kitu fulani, mara nyingi macho ya watu au nafuu ya kukwepa jambo linalomlemea. Na ikiwa huyu anakwepa hesabu asizoziweza, basi kumtoa nje kunampa kile kile anachokitafuta.

Hata hivyo, usikisie. Kwa wiki moja, kila anapovuruga, andika daftarini kilichotangulia, alichofanya hasa na kilichofuata. Andika “aligonga dawati baada ya kuitwa ubaoni”, wala si “ni mkorofi”, kwa sababu neno hilo halikuonyeshi pa kuanzia. Chunguza pia kama anauona ubao vizuri, na kama shule yenu ina zamu mbili naye huingia mchana, uliza kama huja amekula.

Ikithibitika kwamba anakwepa, mpe hesabu chache za kiwango chake, hata kwa kutumia vizibo vya soda, kisha mfundishe kuinua mkono kuomba msaada, na siku za mwanzo umwitikie upesi sana ili aone kwamba mkono unamsaidia kuliko fujo. Anapotulia, mtajie alichofanya: “Umemaliza hesabu tatu bila kuinuka.” Sifa ya namna hiyo humwonyesha mtoto la kurudia. Ikiwa daftari litaonyesha kwamba anachotafuta ni vicheko vya wenzake, wasifu hadharani wale wanaoendelea na kazi bila kumjali.

Kuhusu viboko, kanuni za elimu hukabidhi adhabu hiyo kwa mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na lazima iandikwe. Kwa maoni yangu haifai hapa hata kidogo, kwa kuwa haimfundishi mtoto kutoa kwa kukopa.

Utakapoacha kumtoa nje, huenda fujo zikaongezeka kwa siku kadhaa, maana atajaribu kwa nguvu zaidi njia iliyokuwa ikimfaa. Usirudi nyuma wakati huo. Punguza ugumu wa hesabu, lakini kazi ibaki mbele yake.