Commodore 64 ya stoo: pima adapta kwanza

Kaka, hiyo Commodore 64 (kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980) uliyoikuta stoo usiichomeke bado kwa adapta yake ya asili. Kidhibiti chake cha volti 5 kimezikwa ndani ya epoksi (gundi ngumu), joto halina pa kutokea, na joto la Dar linazidisha. Kikifa, mara nyingi volti hupanda badala ya kukatika, na chipu za RAM (kumbukumbu) za kompyuta huungua. Pima kwa mita kwenye plagi ya adapta inayoingia kwenye kompyuta: weka DC (umeme wa mkondo mmoja), pini ya 5 chanya, ya 2 hasi (fuata mchoro, namba hazifuatani). Ikivuka volti 5.2, usiitumie kabisa. Pini za 6 na 7 ni AC (umeme wa mkondo geu), kama volti 9. Hata ikisoma vizuri ikiwa baridi, ikipata moto inaweza kubadilika. Nunua adapta mpya tu. SID halisi (chipu yake ya sauti) haitengenezwi tena, tuitunze.