Wasomaji Wanauliza: Kwa Nini Udongo Huwashinda Mabingwa wa Tenisi?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu mashindano ya tenisi ya kulipwa yanayochezwa katika viwanja vya udongo, hasa yale yanayofanyika Ulaya kati ya Aprili na mwanzoni mwa Juni na kufikia kilele chake Paris, katika viwanja vya Roland Garros. Tumechagua nne, na zile zilizouliza jambo moja kwa maneno tofauti tumezijibu kwa pamoja.

SWALI: Mhariri, nimefuatilia tenisi kwa muda mrefu na kuna jambo linanitatiza. Mchezaji anayetamba katika viwanja vigumu na vya nyasi, ambaye kila mpinzani anauogopa mpira wake wa kuanzia, akifika Paris hutolewa mapema na mtu ambaye wengi wetu hatumjui hata kwa jina. Je, ni bahati mbaya tu, au udongo una mambo yake?

JIBU: Bahati mbaya haiwezi kueleza jambo linalojirudia kizazi baada ya kizazi. Pete Sampras alistaafu akiwa na mataji 14 ya Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa zaidi ya tenisi, Paris ikiwa mojawapo, lakini hakuwahi kucheza fainali hata moja ya Paris. Mwaka aliofika mbali zaidi ulikuwa 1996, alipoishia nusu fainali. John McEnroe alikuwa mbele ya Ivan Lendl kwa seti mbili bila katika fainali ya 1984, ambayo mshindi ni wa kwanza kufikisha seti tatu, akapoteza seti tatu zilizofuata, na taji hilo hakulipata kamwe. Venus Williams, bingwa mara tano wa Wimbledon, Grand Slam ya nyasi, aliishia kwenye fainali ya 2002. Watu wa kiwango hicho wanapokwama mahali pamoja, hatuna budi kutazama kile wanachokikanyaga.

Tunachokiita udongo ni vumbi la matofali yaliyosagwa. Paris vumbi hilo lina unene wa milimita 1 au 2 tu, nalo hutandazwa juu ya tabaka la mawe meupe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa, na chini yake kuna matabaka mengine yanayopitisha maji. Mpira unapotua, chembechembe hizo huukwaruza na kuupunguzia kasi ya kwenda mbele, kisha mpira huinuka juu zaidi kuliko unavyoinuka kwenye nyasi. Matokeo yake ni kwamba mpinzani hupata muda kidogo wa ziada, na katika tenisi muda huo mdogo hubadilisha kila kitu. Mpira wa kuanzia ambao kwenye nyasi ungempita mtu kabla hajanyanyua raketi, hapa anaufikia na kuurudisha. Kwa hiyo yule aliyezoea kujipatia pointi tatu katika kila gemu kwa mkono wake tu, bila kukimbia, ghafla anajikuta anadaiwa jasho kwa kila pointi.

Hilo linamfungulia mlango mchezaji wa aina nyingine kabisa. Anayeweza kuupiga mpira kwa kuuzungusha sana kuelekea mbele humpa mpinzani mpira unaoruka hadi usawa wa bega, mahali ambapo ni vigumu kushambulia, na humsukuma nyuma hatua kwa hatua hadi uwanja wote wa mbele ubaki wazi. Hapo ndipo anapoudondosha mpira taratibu karibu na wavu. Rafael Nadal aliifanya kazi hiyo kwa mkono wa kushoto kiasi kwamba alitwaa mataji 14 ya Paris kati ya 2005 na 2022, akashinda mechi 112 katika mashindano hayo na kupoteza 4 pekee. Sijui rekodi nyingine katika mchezo huu ninayoistahi kuliko hiyo.

Kuna pia suala la miguu, ambalo mtazamaji wa televisheni huliona bila kulitambua. Mchezaji aliyekulia kwenye udongo huanza kuteleza kabla hajaupiga mpira, akiwa ameutanguliza mguu wa mbele, na mtelezo wake huisha wakati uleule raketi inapokutana na mpira, hivyo anapomaliza pigo mwili wake umekwisha kutulia na uko tayari kurudi katikati. Asiyeuzoea udongo hukimbia, hupiga, kisha ndipo anapoteleza, na mtelezo huo humpeleka nje zaidi ya uwanja wakati mpira unarudi upande wa pili. Mtazame mchezaji yeyote mgeni katika raundi ya kwanza, na umhesabie hatua anazopoteza baada ya kila pigo la pembeni. Mara nyingi utajua atakavyomaliza mechi kabla seti ya kwanza haijaisha.

Mimi huuona uwanja wa udongo kuwa kipimo cha haki kuliko viwanja vingine vyote, kwa sababu unamlazimisha mshindi aonyeshe karibu kila anachokijua: mbio, subira, hila, pumzi na moyo. Fainali ya wanaume ya 2025 ni ushahidi tosha. Jannik Sinner alishinda seti mbili za mwanzo, akafika mahali pa kuwa na nafasi tatu za kutwaa ubingwa katika seti ya nne, lakini Carlos Alcaraz akaziokoa zote, akasawazisha, kisha akashinda seti ya tano kwa taibreki, yaani gemu maalumu ya kuamua seti iliyofungana, baada ya mchezo uliochukua saa 5 na dakika 29. Hakuna fainali ya Paris iliyowahi kuwa ndefu kuliko hiyo.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, huko Paris nimemwona mwamuzi akishuka kutoka kwenye kiti chake kirefu, akitembea hadi kwenye mstari na kuinama kutazama alama ya mpira. Katika mashindano ya Madrid na Roma ya 2025 sikuona jambo hilo. Kwa nini pawe na tofauti ilhali uwanja ni wa aina ileile? Na wa kuaminiwa ni nani, alama au mashine?

JIBU: Umetazama vizuri. Kuanzia 2025 mashindano ya ngazi ya juu ya ziara ya wanaume (mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya mwaka mzima), yakiwemo ya udongo, yaliukabidhi uamuzi wa mistari kwa mfumo wa kamera, na kwa kuwa Madrid na Roma huchezwa na wanaume na wanawake kwa pamoja, mfumo huo uliwahusu wote. Mashindano ya Paris huwa na kanuni zake kama Grand Slam, na mwaka huo yaliendelea kuwatumia waamuzi wa mistari, yakiwa ndiyo Grand Slam pekee iliyobaki na utaratibu huo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mchezaji anayeona mpira umetoka au umeitwa kimakosa hana budi kusimamisha mchezo papo hapo. Akiendelea kupiga, amekwisha kuipoteza haki ya kuomba ukaguzi. Mwamuzi hushuka, na kazi yake ya kwanza, ambayo ndiyo ngumu, ni kuitambua alama inayohusika miongoni mwa nyingi zilizopo. Huinyooshea kidole bila kuigusa, akaifuata kwa ncha ya kidole kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine, na iwapo ukingo wowote wa alama umegusa mstari, mpira ni mzuri. Pengo jembamba la rangi nyekundu kati ya alama na mstari mweupe linatosha kuuhukumu mpira kuwa umetoka. Mara nyingine huoni hata ubishi: mchezaji mwenyewe huitazama alama iliyo upande wake, akaifuta kwa soli ya kiatu na kumpa mpinzani pointi. Ishara hiyo ndogo naithamini sana, na ningesikitika kuiona ikitoweka.

Kuhusu nani aaminiwe, alama si picha kamili ya mahali mpira ulipogusa. Vumbi likiwa jingi alama hupanuka, likiwa limekauka na kupeperushwa na upepo alama huwa hafifu, na mpira unaotua kwa kasi kubwa huteleza kidogo na kuacha alama ndefu. Mfumo wa kamera nao hauitazami alama hata kidogo, bali hukokotoa njia ya mpira na mahali ulipogusa. Basi vyombo hivyo viwili vinaweza kutofautiana kwa milimita chache bila ya kimojawapo kuwa kibovu. Ndicho kilichomkuta Alexander Zverev huko Madrid mwaka 2025: aliona alama iliyomshawishi kwamba mpira wa mpinzani ulitoka, mfumo ukasema ni mzuri, naye akachukua simu yake na kuipiga picha alama ile uwanjani, kitendo kilichompatia onyo. Kwa maoni yangu mashine ina makosa machache kuliko jicho, lakini waandaaji wanapaswa kuelewa ugumu wa kumwambia mchezaji asiamini ushahidi ulio miguuni pake.

SWALI: Je, mashindano ya udongo huendelea mvua ikinyesha? Na kwa nini anayeshinda Madrid si lazima ashinde Paris?

JIBU: Manyunyu mepesi hayasimamishi mchezo, kwa kuwa udongo hunyonya maji na hauwi utelezi mara moja kama nyasi au uwanja mgumu. Mipira hulowa, huwa mizito, na mchezo huzidi kupungua kasi. Mvua ikikolea, mafundi wa uwanja huingia na maturubai. Uwanja mkuu wa Philippe-Chatrier una paa tangu 2020, na wa Suzanne-Lenglen tangu 2024, kwa hiyo siku hizi siku nzima haipotei yote. Jua kali nalo ni adui: udongo usiponyunyiziwa maji hupeperuka, ndiyo maana kati ya seti na seti utaona wavu mpana ukiburutwa kusawazisha uso wa uwanja na mistari ikifagiliwa.

Ama kuhusu Madrid, jibu liko hewani. Mji huo uko takriban mita 650 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira hukata hewa kwa kasi zaidi kuliko Roma au Paris, hivyo wenye mipira mikali ya kuanzia hupata nafuu wasiyoipata kwingine. Ni Madrid pia, mwaka 2012, ambako udongo ulipakwa rangi ya buluu ili mpira uonekane vizuri kwenye televisheni. Uwanja ukawa na utelezi, Nadal na Novak Djokovic wakalalamika hadharani, na mwaka uliofuata udongo mwekundu ukarudishwa.

SWALI: Mimi ni msomaji wa kike na ninacheza tenisi. Wanawake na wanaume wanacheza kwenye udongo uleule, lakini je, wanatendewa sawasawa?

JIBU: Dada yetu, katika mengine ndiyo. Paris kila upande una wachezaji 128 katika droo kuu, na tangu 2007 zawadi za fedha ni sawa katika raundi zote. Wanaume hucheza hadi seti tano katika Grand Slam pekee, ambako wanawake hucheza hadi tatu. Huko Madrid na Roma wote hucheza hadi seti tatu. Ustadi wa wanawake juu ya udongo hauhitaji kutetewa: Chris Evert alishinda mechi 125 mfululizo kwenye viwanja hivyo kati ya 1973 na 1979 na kutwaa mataji saba ya Paris, na Iga Swiatek alitwaa manne kati ya 2020 na 2024.

Pasipo haki ni katika ratiba ya usiku. Paris ilianzisha mechi moja ya usiku kwa siku mwaka 2021, na katika miaka ya 2024 na 2025 hakuna hata moja kati ya hizo iliyopewa wanawake. Hoja inayotolewa ni kwamba mechi ya seti tatu inaweza kuisha upesi na kuwapunja waliolipa kiingilio. Hoja hiyo siikubali. Mechi ya wanaume iliyoisha kwa seti tatu za upande mmoja haijawahi kuwazuia wanaume kupangiwa usiku unaofuata, na fainali ya wanawake ya 2025, ambayo Coco Gauff alitoka nyuma na kumshinda Aryna Sabalenka, ilichezwa kwa zaidi ya saa mbili na nusu. Ons Jabeur wa Tunisia, ambaye mwaka 2022 alitwaa taji la Madrid kwenye udongo huohuo, amelisema jambo hili waziwazi mbele ya waandishi wa habari, na hadi mashindano ya 2025 yanamalizika ratiba ilikuwa haijabadilika.